Sura ya Kumi na Tisa

4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau unalalamika, maana siku utakayoacha kulalamika ndipo tutakapoingiwa na wasiwasi. Sisi hatujambo. Mimi nina madarasa matano na madaftari mia mbili na kumi ya kusahihisha, koo limekauka, na chaki imenijaa mpaka kwenye kope. Mama hajambo ila magoti. Ngazi za hapa kwetu sasa anazipanda kwa kukaa: anakaa kwenye ya kwanza, anahema, anajisukuma mpaka ya pili. Majirani wanampita wakimpa pole, naye anawajibu, "Msihofu, nahamia kwa kaka yangu. Kwake hakuna ngazi."

Na hilo ndilo jambo la kwanza. Begi lake la bluu amelipanga tangu mwezi wa kwanza. Kila Jumapili analipangua, anakung'uta nguo, analipanga upya. Anataka nimlete kwako likizo ya mwezi wa nane, akae moja kwa moja. Sijamwambia ndiyo, sijamwambia hapana.

Jambo la pili ndilo lililomo kwenye kifurushi. Ni riwaya ya vijana, inaitwa *Mji wa Vitasa*. Mwandishi hakutaja jina lake, amejiita Dada Mtu. Ni hadithi ya mji wa wezi na ya binti anayeongea na vitasa vya milango. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamekigombania mpaka jalada limeng'oka, na hao ni watoto ambao ukiwapa kitabu wanauliza kina kurasa ngapi kabla hawajauliza kinahusu nini. Hakuna gazeti lililokigusa. Wewe ukikiandikia kwenye ukurasa wako wa Jumamosi, hata kwa kukitukana, maduka yatakiagiza.

Kisome mpaka mwisho, Mjomba. Na ukimaliza fanya kama kawaida yako. Kila kitabu ulichonipa tangu nikiwa na miaka kumi kina mwandiko wako kwenye ukurasa wa mwisho: siku, saa, na mahali ulipomalizia. Andika hivyo hivyo, kisha unirudishie nakala. Habari za Mama tutazizungumza baada ya kitabu.

Mpwa wako

*

29 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Mimi nipo. Mgongo upo, macho yapo kidogo, sikio la kushoto limestaafu bila kuaga. Ndiyo maana nasema simu kwangu ni kazi bure. Juzi mhariri alinipigia, nikampa pole ya msiba, kumbe anaoa. Mhariri mwenyewe ni mpya, umri wake na wa soksi zangu ni mmoja. Ameniambia wasomaji wamechoka, kwa hiyo ukurasa wangu umekuwa nusu ukurasa, nusu nyingine wameweka picha ya sabuni. Nimeandika uhakiki miaka thelathini na mbili, na nimeshindwa na sabuni.

Barua yako nairudisha humu ndani. Makosa matano, nimeyatia wino mwekundu. Mwalimu mzima unaandika "tutazizungumza baada ya kitabu" bila kusema tutazungumza nini hasa. Huo ni uvivu.

Kitabu nimekipata. Kiko juu ya meza, chini ya vingine saba. Sijakifungua. Nimekiangalia jalada tu: mji wenye moshi, mwezi mkubwa, na binti aliyeshika ufunguo kama ameshika mwiko. Nitakisoma kwa sababu umeniomba wewe, si kwa sababu nina hamu. Nimesoma miji ya wezi mingi mno katika maisha yangu, na yote ina moshi.

Kuhusu dada yangu, sielewi unachosubiri. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Nimenunua kiti chenye mikono ili anyanyuke bila shida. Fundi viatu wa mkabala na mlango wangu anamkumbuka na anauliza atafika lini. Kitabu na mama yako vinahusiana nini? Mlete.

Mjomba wako

*

20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Asante kwa wino mwekundu. Nimebandika barua ubaoni, wanafunzi wamefurahi sana kuona mwalimu wao naye anasahihishwa. Mmoja amesema mwandiko wako unatisha. Nimemwambia hujamwona mwenyewe.

Mama anakusalimu. Wiki iliyopita alianguka ngazini, ngazi tatu tu, hakuvunjika kitu ila amekuwa mwoga wa kutoka. Anashinda dirishani. Akipita mtu anamsimulia habari zako, na ukimwacha aendelee anafika palepale anapofika siku zote: "Mwanangu Mluzi alikimbilia kwa mjomba wake. Alijua pa kukimbilia. Bahati mbaya tu siku ile kaka yangu alikuwa kazini. Angekuwepo nyumbani, mwanangu angekuwa hai leo." Anasema hivyo kwa muuza mkaa, kwa msoma mita ya maji, kwa yeyote. Miaka kumi na moja sasa. Mimi akifika hapo huwa naenda jikoni kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Umeanza kitabu? Kama umeanza, umefika sura ya kumi na tisa? Usiniandikie kitu mpaka ufike hapo.

Usipofika kwa hiari nitakuja kukusomea kwa sauti, upande wa sikio zima.

Mpwa wako

*

11 Mei

Marahaba,

Pole kwa mama yako na ngazi. Mwambie akae chini asishindane na umri, umri haujawahi kushindwa.

Kitabu nimekisoma. Hapa chini ni rasimu ya uhakiki, inatoka gazetini wiki mbili zijazo. Nakutumia kwanza kwa heshima.

"*Mji wa Vitasa* ni mji ambao askari wanauza zamu zao sokoni na mkubwa wa wezi, Mama Mizani, anapima kila kilichoibwa na kukata fungu lake kabla aliyeibiwa hajamaliza kupiga kelele. Humo wanaishi watoto sita. Ni lazima wawe sita, siku hizi riwaya ya vijana bila genge la watoto sita haichapwi. Mmoja anapanda kuta, mmoja anadanganya, mmoja hasemi, mmoja anamsemea huyo asiyesema. Mapigano ni mengi kuliko chakula. Ramani iliyo mwanzoni haisaidii. Nimepotea mara mbili nikitafuta daraja.

"Lakini kuna binti. Anaongea na vitasa, na kitasa chochote akikiomba kinafunguka, ila kwa bei: kila kinapofunguka, binti anasahau uso mmoja wa mtu anayemjua. Anaanza kwa kupoteza uso wa muuza maji, haoni hasara. Anapoteza uso wa mwalimu wake. Anapoteza wa mama. Kila kurasa ishirini anajikagua kama mtu anayepapasa mfukoni, akiuliza: wa mdogo wangu bado ninao? Huyo mdogo anaitwa Filimbi, na ndiye aliyenifanya nivue miwani niifute. Kwa uchawi huu mmoja mwandishi anastahili heshima. Wengine wanatoa uchawi bure, yeye ameutia gharama.

"Kisha inakuja sura ya kumi na tisa. Filimbi anakimbizwa na kundi la watu mchana kweupe. Anafika kwenye mlango wa mzee mmoja, mwandishi wa barua za watu, aliyemfukuza wiki mbili kabla. Dada yake yuko ng'ambo ya mto, anakiomba kitasa kifunguke, na kitasa kinamjibu kuwa kiko tayari ila mzee ameuegemea mlango kwa ndani. Hapo tumebanwa vizuri. Halafu mzee anajiondoa mlangoni na kufungua. Hivi hivi tu. Kwa kurasa mia mbili tumefundishwa kwamba mji huu una watu waoga na mwoga hafungui, na sasa mwoga anafungua. Sikuamini. Vijana wetu wanastahili kuambiwa ukweli."

Basi, ndiyo hiyo. Sasa nje ya uhakiki. Najua ni wewe. Nilijua ukurasa wa sita. Nimekusahihisha tangu hujui kushika kalamu, nitashindwaje kukutambua? Hongera kwa kitabu. Ni kazi ya mtu mzima. Ungeniambia ningekusaidia kwenye mapigano.

Sikuulizi kwa nini umeandika ulichoandika. Kila mtu ana lake. Likizo ni mwezi wa nane, na chumba kipo.

Mjomba wako

*

2 Juni

Shikamoo.

Leo salamu ni hiyo tu. Nimechoka kuulizana habari za magoti na migongo.

Ni mimi niliyeandika. Nilikuwa nikiandika alfajiri kabla ya kwenda shule, miaka minne, na hukuwa na haja ya kunisaidia kwenye mapigano.

Unasema hukuamini kwamba mzee angefungua. Mjomba, kwa nini? Mtu anagonga, wewe uko ndani, unafungua. Ni jambo gani hapo lisiloaminika? Wanafunzi wangu wote mia mbili na kumi wameliamini. Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono akauliza huyo mzee amepata wapi ujasiri. Ni wewe peke yako, kati ya wasomaji wote wa kitabu hiki, uliyeona kwamba mlango kufunguka ni uongo.

Nitasema sasa, maana nikingoja useme wewe tutazikana. Mwezi mmoja baada ya kumzika Mluzi ulinitumia katoni la vitabu kama ulivyokuwa ukifanya siku zote ukishaviandikia. Vilikuwa tisa. Sikuweza kulifungua, nikalisukuma chini ya kitanda, likakaa huko karibu mwaka mzima. Nilipolifungua nilianza na kile chenye jalada la kijani, riwaya nene ya mapenzi, nilitaka kitu cha kunisahaulisha. Nikasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Chini yake, kwa mkono wako na wino wa bluu:

"Alhamisi, 14 Agosti, saa tisa na robo alasiri, nyumbani."

Mdogo wangu, wale waliomkimbiza wakimwita mwizi wa simu walimmaliza saa nane na nusu, hatua ishirini kutoka mlangoni kwako. Jioni ile ulikuja kwa Mama ukakaa kwenye mkeka, ukamshika mikono, ukasema tangu asubuhi ulikuwa gazetini. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuletea maji ya kunywa.

Sikumwambia Mama. Kwanza nilisema labda umekosea saa. Lakini wewe hukosei saa. Kisha nikasema nikimwambia nitamuua, hana ndugu mwingine zaidi yako. Kisha miaka ikapita na mimi nikawa mtu wa kwenda jikoni. Nilikuwa na wewe kwenye kila barua na sikuwa na wewe, sijui kama unanielewa. Nilikupenda na kila nikiona wino mwekundu nilikumbuka ule wa bluu.

Kwa hiyo niliandika mji ambao mlango ulifunguka. Nilitaka kumwona akiingia, basi. Na nilitaka wewe usome, ufike hapo, uniambie kitu. Umeniambia vijana wanastahili kuambiwa ukweli.

Haya, Mama naye anastahili. Sitamleta alale nyuma ya mlango ule, aamke kila asubuhi aupanguse vumbi, akiwaambia wageni kwamba siku ile kaka yake alikuwa kazini. Umwambie kabla ya mwezi wa nane. La sivyo haji, na nitampa sababu mimi mwenyewe.

Mpwa wako

*

9 Julai

Shikamoo Mjomba,

Wiki tano sasa. Nanunua gazeti kila Jumamosi, nusu ukurasa wako hauonekani, sabuni imechukua wote. Nikampigia mhariri wako, akasema umemtumia ujumbe kuwa unaumwa. Unaumwa kweli?

Mama anauliza kwa nini hujaandika. Nimemwambia posta. Ameniangalia kwa muda mrefu. Begi bado liko karibu na mlango, jana kalifuta kwa kitambaa chenye maji.

Barua yangu ya mwisho nimeisoma mara nyingi kichwani. Sina neno la kuondoa, ila lile la "tutazikana" sikulisema vizuri. Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni wa kunisahihisha.

Mpwa wako

*

2 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba mara mbili, kwa ile barua niliyoijibu kwa kimya na kwa hii. Siumwi. Nilikuwa nakaa tu. Naamka, nachemsha chai, naisahau, inapoa, nachemsha nyingine.

Nilikuwa nyumbani.

Umeona, ni maneno mawili. Nimeyaandika kwenye karatasi kumi na tano kabla ya hii, na mara zote nikaendelea na sentensi ya pili inayoanza na "lakini". Mtu anayeishi kwa kuwaonyesha wenzake maneno ya ziada ameshindwa kuondoa "lakini" moja.

Unajua nilimfukuza kwa sababu ya redio. Redio ilipotea, yeye alikuwa amelala kwangu siku mbili, nikamwambia mwizi hakanyagi tena hapa. Ile simu waliyomkuta nayo mtaani sijui kama ilikuwa yake au ya mtu, na sasa haijalishi. Siku ile nilikuwa mezani, kurasa kumi na moja zimebaki, nikasikia makelele yanakuja kutoka upande wa soko. Kisha mlango. Kitabuni umempa mluzi, Filimbi anapiga mluzi mara mbili kabla ya kugonga. Hakupiga mluzi. Aligonga kwa kiganja na akaita "Mjomba" mara tatu. Masikio yangu yalikuwa mazima yote mawili wakati ule.

Mara ya kwanza nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni, leo ndiyo umenikumbuka. Mara ya pili nilikuwa nimesimama. Nilifika mlangoni, mpwa wangu, nilishika komeo. Mara ya tatu wale watu walikuwa wamefika na niliwasikia wakihema, nikaogopa. Sikuuegemea mlango kama mzee wako. Nilisimama tu nimeshika komeo mpaka ikawa hakuna tena wa kufunguliwa. Fundi viatu naye alikuwa amefunga. Mtaa mzima ulikuwa umefunga, lakini hakuita mtaa, aliniita mimi.

Mtaa uliponyamaza nilirudi mezani nikamalizia zile kurasa kumi na moja. Sikumbuki neno hata moja. Nikaandika siku, saa na mahali, mkono una mazoea yake. Kisha nikaoga, nikavaa, nikaja kwa mama yako na uongo wangu. Mwezi mmoja baadaye nikakupakia lile katoni bila kufungua hata kitabu kimoja, maana ndivyo nilivyofanya siku zote. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliandika.

Redio niliikuta kwa fundi. Nilikuwa nimeipeleka mwenyewe kutengenezwa. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Uhakiki sikuupeleka. Ningewezaje? Niliandika kuwa siamini mtu anaweza kufungua, kwa sababu siku zote hizi nimejiambia kwamba yeyote asingefungua. Ndilo lililonilaza usingizi. Halafu unakuja wewe na mzee wako wa kubuni, hana hata jina, hana sababu, anafungua.

Bahasha ndogo iliyo humu ni ya dada yangu. Sikuifunga. Nimeandika herufi kubwa ili asome mwenyewe, ila ukae karibu naye. Nimemwambia yote, na redio pia. Usinitetee. Na usiende jikoni.

Mjomba wako

*

25 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Nilimpa Mama siku iliyofuata asubuhi, nikakaa chini karibu na miguu yake. Alisoma kwa kidole. Ilimchukua muda mrefu, wewe huandiki kwa ufupi hata ukitaka. Alipomaliza alirudi nyuma akatafuta mstari mmoja na kuusoma tena. Kisha akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akasema, "Masikini wewe." Si kwa upole. Hata sijui kwa nini.

Hakulia. Tarehe kumi na nne ilipita, dirishani hakukaa. Siku ya nne niliporudi kutoka sokoni nilikuta begi la bluu limefunguliwa. Nguo zote alikuwa amezipiga pasi na kuzirudisha kabatini, moja moja, na begi ameliweka juu ya kabati, sijui amelifikishaje huko na magoti yale.

Haji, Mjomba. Nilitaka ulijue hilo kwanza kabla ya mengine.

Wiki iliyopita akaniita. Akasema, "Nimesikia una kitabu ndani yake kuna mlango. Nisomee hapo tu." Nikamsomea sura ya kumi na tisa. Nimewasomea wanafunzi mara nyingi lakini si hivi. Mzee anajiondoa mlangoni, anafungua, Filimbi anaingia, mzee anasukuma meza mlangoni, wanakaa sakafuni wanahema wote wawili. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyo mzee wako ni mwongo mkubwa." Kisha akasema, "Nisomee tena."

Nimemsomea mara sita mpaka leo. Hataki sura nyingine. Mambo ya Mama Mizani anasema ni upuuzi.

Jana nilimuuliza nikuandikie nini. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema nikuambie kwamba aliposoma lile jambo la komeo aliushika mlango wa chumbani kwake akasimama hapo, akitaka kujua komeo lina uzito gani. Akasema ni jepesi. Kisha akasema nikuambie na hili, nimeliandika hapohapo ili nisikosee: "Mwambie sijui kama nitakuja. Nikija sitapiga simu wala sitaandika. Nitagonga. Tuone."

Mimi sina la kuongeza. Nimechoka, ila nalala.

Mpwa wako

*

18 Septemba

Marahaba mpwa wangu,

Salamu zako na maneno ya dada yangu yamenifikia. Ya kwake nimeyakunja nikayaweka kwenye mkoba wa miwani, kila nikiufungua yanadondoka mapajani. Mwambie nimesikia. Sitamwandikia tena mpaka atake mwenyewe.

Uhakiki umetoka Jumamosi. Mhariri aliupenda, ameisogeza sabuni. Nakala nimekuwekea humu. Mapigano nimeyasema, watoto sita nimewasema, ramani yako nimeisema pia, usidhani undugu unafunika daraja lililopotea. Lakini mwisho wake ni huu: "Msomaji mmoja aliposoma sura ya kumi na tisa alisema haiaminiki kwamba mwoga angefungua mlango. Msomaji huyo ni mimi. Nina sababu zangu za kutoamini, na watu wanaostahili kuzijua sasa wanazijua. Kosa lilikuwa langu, halikuwa la kitabu. Wapeni watoto wenu wakisome."

Kitabu chenyewe nakurudishia kama ulivyoomba. Nimekisoma mara ya pili, polepole, na ukurasa wa mwisho nimeandika: "Jumanne, 16 Septemba, saa nne asubuhi, nyumbani."

Jambo moja linanikosesha raha. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linaanza kulifuata. Chumbani ninakoandikia, mtu akigonga siku hizi sisikii. Msoma mita aliondoka mara mbili, fundi viatu ndiye aliyeniambia.

Kwa hiyo nimehamisha meza. Nimemwita fundi viatu tukaibeba pamoja, naye pia ni mtu aliyefunga siku ile. Sasa iko mlangoni kabisa. Mchana kutwa nakaa hapo nikisoma, sikio zima limeelekea mtaani, na komeo nimeling'oa.

Mjomba wako